Mchoro unasema wazi, tafsiri ndiyo inayompotosha fundi

MAJUZI nilikuwa Majengo, huku Eastlands jijini Nairobi, katika gereji ndogo inayotengeneza jeki za magari. Fundi kijana akanionyesha kijitabu cha Kiswahili kuhusu alama za michoro ya haidroliki, yaani mitambo inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta.

“Mwalimu, hapa wameandika bomba. Sasa ni bomba gani?”

Swali hilo lina uzito. Neno bomba tulilipata kwa Wareno, na kwao ni pampu. Kiswahili kikalipanulia maana: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga si pampu, ni mrija mkubwa. Kwenye mchoro vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Pampu ni duara lenye pembetatu iliyojazwa rangi, ncha ikitazama nje kwa sababu mafuta yanatoka. (Geuza ncha itazame ndani, umepata mota.) Mrija ni mstari tu. Kijitabu kimeviita vyote bomba! Mimi ningeandika pampu na paipu, kama wasemavyo mafundi, wala nisione haya.

Mstari uliokatikakatika nao umepewa jina “mstari wa rubani”. Nilicheka, fundi hakucheka. Mstari huo huonyesha njia ya mafuta yanayoiamuru vali ifunguke au ifunge. Yeye na wenzake huuita “laini ya amri”, na istilahi hiyo inashinda ya kijitabu kwa mbali.

Kilichonitia hofu hasa ni “vali ya kukagua”. Alama yake ni kijiduara mfano wa gololi, kimekaa kwenye mdomo wa kitu kama herufi V. Mafuta yakija kutoka upande mmoja huisukuma gololi, njia ikafunguka. Yakitaka kurudi, yenyewe huikandamiza pale pale na kujifungia njia. Ndani ya jeki, gololi hiyo ndiyo inayozuia mzigo usishuke. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana ya kukagua na pia ya kuzuia. Mtafsiri akachukua ile ya ofisini. Sasa mwanagenzi akiambiwa hii ni vali ya kukagua, nini kitamzuia asiifungue akague, gari likiwa juu na mwenzake yuko chini yake?

Sina ugomvi na wazo la kijitabu. Kilihitajika, tena michoro yake imefuata vizuri kiwango cha kimataifa cha ISO 1219. Ila mtafsiri alitazama kamusi, hakutazama mchoro uliokuwa mbele ya macho yake. Gololi na mdomo wake vingemtosha kupata jina.

Nilipokuwa naaga, fundi alikuwa amekwisha kufuta neno “kukagua” kwa kalamu. Juu yake aliandika: “hairudishi”.