Nasuri si Bawasiri

Pangani, kama Mrima wote, ilipokea kwa Kiarabu maneno mawili, nasuri na bawasiri. Lakini kwa kuona haya kuitaja tupu ya nyuma, wasemaji huyafunika yote kwa bawasiri. Kosa hili si la ufasaha tu. Bawasiri ni mishipa iliyovimba. Nasuri ni kijia cha usaha kitokacho puruni hadi ngozini, wala dawa ya kupaka haikizibi. Tabibu wa Ayurveda, mfuasi wa Sushruta, hukipitisha uzi uliopakwa utomvu, majivu ya mimea na manjano, ukikate polepole. Daktari hukipasua kwa kisu. Katika jaribio lililochapishwa India mwaka 1991 uzi ulichelewa kuponya, lakini nasuri iliwarudia wagonjwa 4 katika 100, waliopasuliwa, 11. Asemaye bawasiri hupewa dawa ya bawasiri, na usaha huendelea kutoka.