Akili unde inayomwamsha mgonjwa saa tisa usiku

Dada yangu mkubwa ana presha. Mwezi jana aliniuliza, "Hebu niambie, Prof, hizi dawa za siku hizi mbona tunaamshwa usiku wa manane kuzimeza?" Akanipa simu. Programu ya akili unde inayotumiwa na kliniki yake ilikuwa imemwandikia kwa Kiswahili safi kabisa ameze tembe moja saa tisa usiku. Naye, mtiifu, kwa wiki mbili alikuwa akitega kengele ya simu, anaamka jogoo hata hajawika.

Daktari alimaanisha saa tatu usiku.

Nilipompigia kijana anayeishughulikia programu hiyo, alinijibu kwa upole kwamba tafsiri haina kosa: tarakimu 9 ni tisa. Kamusi ingemuunga mkono. Ila saa ya Mswahili haianzi usiku wa manane, huanza kunapokucha. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza takriban wakati ule ule mwaka mzima, ndiyo maana saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Waganda huhesabu hivyo, Wakikuyu vilevile. Kati ya saa hiyo na ya Kiingereza pana pengo la saa sita, na dada yangu ndiye aliyetumbukia humo.

Mnamo 1986 Donald Norman na Stephen Draper walihariri kitabu kilichotaka mitambo ibuniwe kwa kuanzia kwa mtumiaji. Kijana wetu alianzia kwenye sentensi ya Kiingereza. Tena kumwambia atoe sita tu hakutatosha, kwa sababu mpwa wangu wa Nairobi akiandika "saa 9" huenda anamaanisha saa yoyote kati ya hizo mbili. Muuguzi wa zahanati hapotezi muda na tarakimu; humwambia mgonjwa, "Meza ukishakula chajio." Programu ingeweza kufunzwa hivyo.

Nasi wasomi hatuna pa kujificha. Nimeketi makongamanoni tukibishana kama tuseme akili unde, akili bandia au akili mnemba, hadi chai ikapoa. Hakuna aliyeuliza, nami nikiwemo, kama akili yenyewe inajua saa.

Dada sasa anameza tembe yake saa tatu, baada ya chakula. Programu bado inamwandikia saa tisa.