Picha za Sammy Baloji

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, ni mpiga picha ambaye kazi yake yafaa tuitazame kwa makini. Katika mfululizo wake « Mémoire », wa mwaka 2006, alipiga picha viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kisha akatwaa watu kutoka picha za zamani za Union Minière, akawasimamisha mbele ya magofu yale: wafanyakazi weusi, na mabwana wazungu waliowaamuru.

Pengine mtu atasema kwamba kuchanganya picha hivyo ni uongo. Sivyo. Watu wa kale ni weusi na weupe tu, magofu yana rangi ya kutu. Mshono waonekana wazi, hadanganywi mtu. Shaba imekwenda, faida imekwenda, lakini mfanyakazi yule angali amesimama, anatutazama.

Kasoro moja naiona: watu wale hawatajwi majina. Basi, hiyo ni kazi yetu. Sisi wa Kalemie twayajua magofu ya Filtisaf. Tuwaulize wazee waliofanya kazi humo majina ya wenzao waliofariki, tuyataje katika Misa ya mwezi wa Novemba.