"Uwezo" na "Utendaji" wa Mkono Baada ya Kiharusi

Mfasiri atumiaye "uwezo" kwa kila kipimo cha mkono baada ya kiharusi huchanganya dhana mbili. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2001, lilitenga jambo ambalo mtu aweza kulifanya apimwapo na lile alifanyalo hasa maishani mwake. Kipimo cha Fugl-Meyer, chenye alama 66 kwa mkono, huangalia miondoko mbele ya mpimaji. Hojaji ya Motor Activity Log humwuliza mgonjwa ameutumia mkono ulioathirika kwa kiasi gani, na vizuri kadiri gani, katika shughuli zake. Cha kwanza twapendekeza kiitwe kipimo cha "uwezo". Cha pili, cha "utendaji".

"Mkono" nao hujumlisha bega hadi vidole. Penye haja iandikwe "kiganja na vidole", kwani ainuaye mkono huenda asiweze kufumbata tonge.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ainuaye kikombe hospitalini, na nyumbani akanyweshwa, asije akaandikwa kuwa amepona, mazoezi yake yakakomeshwa kwa kosa la istilahi.