"Corn" si kila mara mahindi

Wandugu wanafunzi na wasomi wenzangu, leo niko na neno moja tu la Kiingereza: "corn". Ukiuliza telefone, inajibu mbio: mahindi. Kwa Marekani ni kweli. Kwa Uingereza jibu hilo linaweza kukupoteza, na mimi njo shahidi.

Siku moja nilitafsiria chama cha walimaji kurasa za kitabu cha zamani cha Uingereza. Kila penye "corn" nikaandika mahindi. Nilipobadilisha vipimo, mbegu ikatoka karibu kilo 150 kwa hekta. Mzee mmoja akaniuliza: "Agronome, mwana yetu, hii mbegu yote ni ya kulisha ndege?" Alikuwa na haki. Mahindi yanaomba kilo 20 mpaka 25 hivi. Kitabu kilikuwa kinasema ju ya ngano! Wangenifuata, wangenunua mbegu mara sita, na mimea ingesongana bila kuzaa vizuri. Mwenye licence nilikuwa mimi, aliyeona kosa ni mzee.

Tuangalie asili. "Corn" ni neno la kale, maana yake punje. Ni ndugu ya "grain" ya Kifaransa, mzizi wao wa mbali ni mmoja. Polepole likawa jina la nafaka inayolisha watu wa mahali: Uingereza ngano, Scotland ile Wafaransa wanaita avoine. Waingereza walipohamia Amerika, wakakuta wenyeji wanalima mahindi, wakayaita "Indian corn". Baadaye "Indian" likaanguka, "corn" likabaki peke yake.

Kwa hiyo "Corn Laws" za Uingereza, za 1815 mpaka 1846, hazikuwa sheria za mahindi: zilihusu ngano na nafaka zingine. Biblia ya King James ya 1611 nayo inataja "corn" kule Misri ya Yosefu, wakati mahindi yalikuwa bado Amerika tu. Hata "corned beef" haina mahindi, ni punje za chumvi. Na "corn" inayoumiza kidole cha mguu ni neno lingine kabisa: limetoka kwa Kilatini "cornu", pembe, kama "corne" ya Kifaransa.

Lakini tusicheke Waingereza. "Mahindi" yetu yanabeba jina la Uhindi, na asili yake ni Mexico!

Lawama yangu iko kwetu sisi. Tunasoma kwa Kifaransa, tunakutana na makala ya Kiingereza, tunakopi jibu la telefone bila kufikiri. Mbele ya kutafsiri, uliza: nani ameandika, wapi, mwaka gani? Tafuta jina la Kilatini: Zea mays ni mahindi, Triticum ni ngano. Ukikosa, andika "nafaka" kwanza, halafu uendelee kutafuta. Sisi tukikosea neno, mulimaji njo analipa, na ni kwa franga zake.