Gari Lisilo na Kitovu: Msamaha katika Gemu za Mashindano ya Magari

Suala la sanaa na uhalisia si geni kwetu wanafunzi wa fasihi. Tumelijadili katika riwaya, tukalijadili katika tamthilia, mpaka limetuchosha. Lakini ipo kazi moja ya sanaa ambayo vijana wengi wanaijua vizuri na sisi wahakiki tunaipita tu: gemu ya mashindano ya magari. Makala haya yanaichukua kama matini nyingine yoyote na kuuliza swali moja: gari la kwenye gemu linapomsamehe dereva, nani analipa?

Tuanze na fani. Gari la kweli linategemea mshiko wa tairi, na mshiko huo ni mtaji mdogo: ulioutumia kwenye breki huwezi kuutumia tena kukata kona. Ukikanyaga breki mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, usukani unakuwa pambo. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimamisha gari kwa breki unakuwa kama mara nne. Gemu nyingi hulegeza sheria hizi. Tairi hupewa mshiko wa ziada. Likianza kuteleza, linateleza taratibu, kwa adabu. Na mwendo ukiwa mkali usukani wenyewe hukataa kukatwa kupita kiasi. Gran Turismo ya kwanza (1997) ilisifiwa sana kwa uhalisia, lakini gari lake liligonga ukuta likaendelea bila kubonyea. Race Driver: GRID (2008) ikaenda mbali zaidi: ukipinduka unarudisha muda nyuma, unaipiga kona upya.

Wapo watakaosema, basi huo ni uongo mtupu. Hapana jamani. Dereva wa kweli huendesha kwa mwili mzima. Kiti humwambia kwamba gari linateleza kabla macho hayajaona. Mchezaji hana kiti hicho. Ana kioo mbele yake, na kidole gumba kinachosukuma kijiti kidogo. Gari lenye sheria zote za kweli lingemshinda kona ya kwanza tu. Kwa hiyo msamaha ule ni fidia ya mwili uliopotea. Ni mbinu halali ya kisanaa, sawa na mhusika wa tamthilia anayenong'ona na ukumbi mzima ukamsikia.

Kasoro iko kwenye maudhui. Jadi yetu nayo inaye shujaa asiyedhurika, Fumo Liyongo. Lakini simulizi ilimwachia kitovu, na sindano ya shaba ikapita hapo hapo. Kinga yake ilikuwa na mlango. Gari la gemu halina kitovu. Na kitovu kilichoondolewa ni kipi? Ni watu wengine.

Tazama Safari Rally. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu, pamoja na malori na ng'ombe. Timu kubwa zikawa zinarusha helikopta mbele kumtahadharisha dereva. Yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021 kwenye njia zilizofungwa. Gemu ya WRC 9 (2020) inakupa hiyo Kenya, na vumbi lake. Barabara ni yako peke yako. Watazamaji ni mandhari, si wahusika.

Sasa lilete gari hilo Kibiti. Barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara inapita mjini, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 basi haliingojei tena pantoni ya kuvuka Rufiji. Pembeni yupo mwenye baiskeli ya mkaa, yupo bodaboda na abiria wawili, yupo mama na ndoo yake. Dereva akikosea hapa na bado akafika salama, mara nyingi ni kwa sababu mtu fulani aliruka majanini. Msamaha upo hata hapa, ila una mwenyewe. Mwenyewe anakwenda kwa miguu, na ipo siku hatawahi kuruka.

Hilo ndilo gemu inalolificha. Inaufanya msamaha uonekane sifa ya gari, au ustadi wa dereva. Anayeteremka delta kwa mashua hawezi kudanganyika hivyo. Akikosea saa, maji yakapwa, chombo kinakaa kwenye tope kati ya mikoko, na hakuna kitufe cha kurudisha muda: anangoja maji yajae. Akiondoka hapo anajua fika ni maji yaliyomwondoa, si ubingwa wake.

Basi simwombi mtunzi wa gemu alifanye gari liwe gumu. Ugumu peke yake haujawa ukweli. Namwomba aweke mtu mmoja pembeni mwa barabara, na kila gari linaposamehewa, tumwone mtu huyo akitoka majanini, anakung'uta nguo.