Ngoma ya Tairi

Isiolo haikosi tairi kuukuu. Barabara ya Moyale inapita humo, malori yanashuka na kupanda, na kwa mafundi wa pancha tairi zilizoisha hulundikana zikingoja kukatwa akala. Ningekuwa mwalimu wa muziki mjini hapo, ningeomba chache kabla kisu hakijazifikia. Taiko, ngoma ya Wajapani, imefundishwa watoto wa shule Marekani kwa tairi, kwa sababu ngoma halisi, ya gogo la mti wa keyaki na ngozi ya ng'ombe iliyopigiliwa misumari, ni ghali mno. Mdomo wa tairi huzibwa kwa seloteipu pana, utepe juu ya utepe, ukivutwa ukingo hadi ukingo mpaka fimbo ikitua katikati inaruka. Mlio wake ni mkavu. Hauna mvumo wa kuficha makosa, na ndiyo sababu naupenda: darasa zima likipiga pamoja, aliyewahi anasikika.

Wengi hudhani taiko ya kundi ni ya enzi za samurai. Ngoma zenyewe ni za kale kweli, za mahekalu na sherehe za vijijini. Ila kuzipanga kubwa kwa ndogo zipigwe kama bendi ni wazo la Daihachi Oguchi, mpiga dramu za jazi wa Nagano, mwaka 1951. Mwaka 1968 Seiichi Tanaka akaanzisha chuo chake San Francisco. Sanaa iliyozaliwa kwa kuchanganya haina miko mingi ya kuizuia kuhama.

Uhodari wa mwalimu wa taiko uko katika kuchelewesha fimbo. Kwanza mdomo: don ni pigo zito la katikati, doko ni mawili ya haraka, kara ni ya ukingoni, na kimya nacho kina silabi yake, su. Watoto huutamka mdundo mpaka uwakae, ndipo miguu itanuliwe, goti la kushoto lipindwe, kiuno kishuke. Pigo huanzia ardhini, hupanda kwa mgongo, mkono unalimalizia tu. Anayepiga kwa bega huchoka kabla wimbo haujafika nusu, na hana haja ya kukemewa, bega litamwambia.

Hapo watoto wa Isiolo wana mtaji. Katika edonga ya Waturkana hamna ngoma: kuna sauti, makofi, na kundi zima linaloruka na kutua kwa mshindo mmoja. Wasamburu nao huruka bila ngoma. Aliyekulia katika kuruka huko anajua kumngoja mwenziwe hewani, jambo ambalo mwalimu angehangaika nalo muhula mzima.

Mtu atauliza: Wachuka wako hapo kusini, wanabana ngoma zao ndefu mapajani na kuzipiga kwa ustadi unaojulikana Kenya nzima, Japani ya nini? Swali zuri, na Wachuka waalikwe. Lakini Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na shule ikichagua ngoma ya nani ipelekwe Tamasha la Muziki, uchaguzi huo tayari ni siasa. Taiko si ya mtu hapo. Wote wanaianza wageni, na hakuna mtoto wa kumwambia mwenzake kwamba hii ni yetu. (Wapo wazazi wasiotaka ngoma shuleni kwa sababu ya dini, mwalimu mwerevu huwaendea mapema, kabla hajaomba hata tairi moja.)

Siku ya onyesho macho yote yatamfuata anayechezesha fimbo hewani. Mimi ningemtazama wa jiuchi, mtoto wa ngoma ndogo anayeshikilia pigo la msingi mwanzo hadi mwisho, bila madoido, wengine wakipamba juu yake. Kazi hiyo si ya mchangamfu wa darasa. Mara nyingi inamfaa yule asiyenyoosha mkono, anayesikiliza kuliko anavyosema. Akikimbia, kundi zima linakimbia naye, kwa hiyo wenzake hujifunza upesi kumtegea sikio. Waamuzi wa tamasha wakiniruhusu, ningempanga mstari wa mbele.